Ng'ombe wa Boliti

Kila nikikaa msibani au harusini hapa Bariadi, hakosekani mtu wa kuniuliza: "Mama, hivi yule Mzaire jirani yako alikuwa mchawi kweli?" Huuliza kwa sauti ya chini, huku anatafuna. Zamani nilikuwa najibu kwa upole. Siku hizi upole huo sina. Nimeamua kuandika, ili anayetaka kuuliza tena asome kwanza, na akishamaliza, aone kama bado ana uso wa kuniuliza.

Sitaanza na alikozaliwa. Kila aliyemuuliza alipewa jibu lake. Leo angekutajia mji wa machimbo ya shaba, kesho mji wa kando ya ziwa, keshokutwa angekuapia kwamba alizaliwa ndani ya treni na kwamba treni lenyewe halikusimama. Tulijua alitoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa enzi hizo, akavuka ziwa, akazunguka mji hadi mji, akashuka kwetu msimu wa pamba akiwa na begi la nguo na gunia la makopo ya rangi. Ilikuwa wakati ule tulipoambiwa kila kitu ruksa, kila mtu auze na anunue atakacho. Watu wengi walimwita Mzaire, lakini mimi nilimwita Fundi tangu siku ya kwanza na sioni sababu ya kubadilisha leo.

Mimi nauza mitumba. Nilianza biashara hiyo wakati huohuo wa ruksa, na simung'unyi maneno, ruksa hiyo ilinilisha na kunisomeshea watoto. Lakini nina macho. Mkulima wa Nkoma alikuwa analeta pamba yake mjini, inapanda lori inakwenda zake, naye kabla ya kurudi kwake anapita kwangu kununua shati la mtu aliyekufa Ulaya. Fundi alikuwa akikaa kwenye kibanda chake, kilichoegemeana na changu, anatazama mambo hayo na kucheka mpaka anakohoa. Nyumbani pia tulikuwa majirani. Kati ya ua wangu na wake palikuwa na uzio wa minyaa tu, kwa hiyo ninayoyasema sikusimuliwa.

Kiswahili chake kilikuwa cha huko kwao. Tunaposema watu, yeye alisema batu. Vijana wa mjini walimcheka, lakini wazee wetu wa Kisukuma walimwelewa upesi kuliko walivyowaelewa mabwana shamba, kwa sababu nao nyumbani husema banhu. Mzee mmoja aliniambia, "Huyu si mgeni sana. Amepotea njia tu."

Kazi aliyoijia ilikuwa mabango. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamefunguliwa mlango, na kila mmoja alitaka bango kubwa kuliko la mwenzake. Fundi alikuwa na mkono mzuri wa herufi. Shida yake ilikuwa picha. Mnunuzi mmoja alimwagiza achore mizani na mkulima anayetabasamu. Fundi akachora mizani, akamchora mkulima anatabasamu, kisha juu, katikati ya mawingu, akachora mkono mkubwa wenye saa ya dhahabu unaoikandamiza mizani kwa kidole kimoja. Mnunuzi alipiga kelele mpaka watu wakatoka madukani.

"Nani kakutuma? Nani kakutuma?"

"Miye nachora ile naona," Fundi alimjibu, wala hakuinuka alipokuwa amekaa.

Ikabidi aufute. Akaupaka rangi ya mawingu juu yake, lakini kwa ubahili wake wa rangi alipaka safu moja tu, na mvua za kwanza zilipopiga, kile kidole kikaanza kuchungulia tena. Msimu mzima wakulima walikuwa wanafika pale, wanainua macho, wanagusana mabega. Walikuwa wamezoea kuibiwa, ila kuchorewa wanavyoibiwa ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Picha zake zote zilikuwa hivyo, za ndotoni. Katika saluni moja alimchora mwanamke mwenye pamba badala ya nywele, na vibarua wadogo wanazichuma kwa ngazi. Katika baa aliambiwa achore mbuzi choma, akamchora mbuzi amevaa aproni, anamgeuza mtu kwenye moto. Mwenye baa alitaka kumpiga. Jumapili ile watu walijaa kuja kuiona, chupa zikaisha, na Jumatatu mwenye baa alikuwa akimwambia kila mtu kwamba lile lilikuwa wazo lake mwenyewe.

Nikisema alikuwa mtu wa ajabu simaanishi kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mbishi. Alikuwa mchoyo wa vitu vidogo, hata turipentaini ya kufutia doa alikupimia kwa kizibo, halafu siku ileile anampa mpita njia kanzu yake. Alijidai anajua kupika, na chakula chake hakikulika. Kichekesho kikubwa ni kwamba mtu huyu aliyechora ng'ombe kila ukuta aliwaogopa ng'ombe kama kifo. Siku za mnada, ng'ombe wa Lingeka na wa Meatu yote wakipitishwa mjini, Fundi alikuwa anaingia kibandani kwangu, anajificha nyuma ya makoti. Waswaga ng'ombe walijua, wakawa wanawapitisha karibu kwa makusudi.

Jambo jingine lilikuwa boliti. Kitanda chake, meza, rafu, hata mlango wa kibanda, vyote alivifunga kwa boliti na nati. Hakupiga msumari. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa boliti za kila namna, na spana moja iliyolika mdomo, ambayo hakumwazima mtu. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo wakati msumari ni rahisi.

"Mama, kitu ya mugeni inapashwa kufunguka," alisema.

Maana yake, kitu cha mgeni ni lazima kiweze kufunguliwa. Nilidhani ni utani mpaka nilipomwona anahama. Wenye nyumba wa Bariadi hawakukaa naye muda mrefu. Huyu aliogopa picha, yule aliogopa maneno ya majirani. Akiambiwa ondoka asubuhi, saa sita mchana vitu vyote vimefunguliwa vimelala juu ya mkokoteni, na jioni vimesimama mahali pengine. Kwenye ule ua wa minyaa, jirani na kwangu, ndipo alipokaa muda mrefu kuliko kote.

Sasa nifike kwenye yale ya uchawi.

Mwenye mashine ya kusaga alimwita amchoree ukuta unaotazama barabara. Maandishi yalikuwa ya kawaida, tunasaga na kukoboa. Pembeni Fundi akachora ng'ombe jike mwenye vichwa viwili. Kichwa kimoja kilikuwa kinakula pamba shambani. Cha pili kilikuwa kimegeukia barabara kinatafuna shati la mistari. Shati hilo lilikuwa langu, lilikuwa limening'inia kibandani mwezi mzima. Nilimgombeza, akacheka, tukayamaliza.

Barabara ile ndiyo waliyopita ng'ombe kwenda kunywa maji. Mvua ziliponyesha, ng'ombe wa mzee mmoja wa pembeni ya mji akazaa ndama mwenye vichwa viwili. Sisemi uongo, nilimwona kwa macho yangu. Hakuishi hata kutwa. Na kabla ndama hajafukiwa, mji mzima ulikuwa umeshakata shauri.

Walisemaje? Walisema ng'ombe yule, akiwa na mimba, alikuwa anapita mbele ya ukuta ule kila siku, anaitazama picha, na picha ikamwingia tumboni. Mwenye mashine ya kusaga aliupaka ukuta chokaa haraka, akasema yeye hakuagiza picha. Mwenye baa naye akamfuta mbuzi wake. Watu waliokuwa wanaleta wageni kuonyesha michoro ya Fundi wakaanza kusema waliona tangu zamani kwamba macho yake si mazuri. Nilikasirika wakati ule na sijatulia hadi leo.

Sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa, wakaitisha mkutano. Wanawake tulisimama pembeni. Mtemi wao, yaani mkuu wao, mtu mkubwa mwenye sauti ya kukwaruza, alitoa hukumu. Fundi atoe ng'ombe jike, mzima, mwenye mimba, ampe mwenye ndama. Mpaka atakapomtoa, asisalimiwe, asipewe moto, asichote maji na watu, asiuziwe chakula. Atakayemsemesha atatozwa mbuzi.

Anayetoka mbali anaweza kudhani hiyo ni adhabu ndogo. Kwetu salamu ndiyo mtu. Asubuhi Fundi alikuwa anapita mtaani anasema, "Mwangaluka! Mwangaluka!" na watu wanatazama ukuta. Wanawake, ambao tangu utotoni wamezoea kupiga goti wakisikia salamu, magoti yao yalikuwa yanaanza kukunjika yenyewe, halafu wanakumbuka mbuzi, wanajinyoosha. Baada ya siku chache akaacha kusalimia. Nilikuwa namsikia ng'ambo ya minyaa anajisemesha mwenyewe kwa lugha ya kwao, anajiuliza na kujijibu.

Mimi nilitafuta upenyo. Hukumu ilitaja chakula, haikutaja nguo. Kwa hiyo nilikuwa nafunga unga na chumvi ndani ya shati kuukuu, nakaza mikono ya shati kama kifurushi, narusha juu ya minyaa. Sungusungu mmoja alinifuata kibandani, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, tumesikia unampa yule mtu vitu."

"Nimempa shati."

"Shati zito hivyo?"

"La baridi," nikamwambia. "Unataka na wewe nikuchagulie?"

Akaondoka. Na mbuzi wa kutozwa sikuwa naye.

Fundi hakuwa na ng'ombe, na hakuna mtu ambaye angemuuzia. Ndipo alipoanza vyuma. Kiwanda cha kuchambua pamba, kilichokuwa cha ushirika, kilikuwa kimeuzwa. Baba zetu walikatwa pamba yao miaka na miaka kukijenga, kikauzwa kama mtu anavyouza kuku wa jirani. Mwenye kiwanda mpya alitoa mashine za zamani, akazitupa nje ya uzio, gia, roli, mabomba, mabati, minyororo. Fundi akaanza kwenda pale mchana kweupe na mkokoteni. Mlinzi wa kiwanda alikuwa mtu wa mtaani kwetu, na hukumu ilikuwa imemfunga mdomo. Kumkataza Fundi kungekuwa kumsemesha. Maskini alikuwa anageuza kiti, anaangalia upande wa pili, mkokoteni unajaa unaondoka.

Wiki nzima na zaidi nilisikia nyundo na spana. Nilichungulia kwenye minyaa nikaona mbavu zimesimama. Nilichungulia tena nikaona pembe, springi za lori bovu la Lalago. Macho yalikuwa beringi. Chuchu zilikuwa vikombe vya grisi. Mkia ulikuwa mnyororo, na ngozi ilikuwa mabati ya kiwanda yenye herufi za ushirika zilizokatika katikati. Kila kipande kilifungwa kwa boliti.

Siku ya mkutano mwingine, alasiri, akaja na kazi yake hiyo. Aliukokota mkokoteni peke yake, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Watu wakasogea kutazama. Mtemi hakuweza kumuuliza moja kwa moja, akauliza hewani:

"Mtu yule ameleta nini?"

Fundi naye akaijibu hewa. "Ameleta ng'ombe."

"Tulisema ng'ombe!"

"Mulisema ng'ombe. Hamukusema ya nyama."

Mtu mmoja alicheka, akafinywa. Mtemi akamtazama mzee mwenye ndama aliyekufa. Mzee huyo alikuwa mkavu, mwenye fimbo, asiyependa mchezo. Alisogea polepole, akaanza kumkagua yule ng'ombe kama watu wanavyokagua mnadani. Akamzunguka. Akampiga mgongo kwa kiganja. Akaangalia meno, akainua mkia, akainama akashika chuchu. Kisha akajinyoosha.

"Ilisemwa mwenye mimba," akasema.

Fundi akatoa spana yake. Akafungua boliti za ubavuni, moja baada ya nyingine, watu wamekaza shingo. Akatelezesha bati. Ndani ya tumbo, amejikunja miguu, alilala ndama mdogo wa chuma. Mzee akaingiza kichwa chake chote ndani ya tumbo la ng'ombe yule. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, alikuwa na grisi shavuni.

"Kichwa kimoja," akatangaza.

Nilipiga kigelegele kabla sijajua kama inaruhusiwa. Wenzangu wakanifuata. Mtemi alikuwa anajizuia kucheka lakini tumbo lake lilimsaliti. Mzee akamgeukia Fundi, akatamka salamu ya alasiri, ambayo mtaa mzima ulikuwa umemnyima kwa majuma mengi.

"Mwadila, Fundi."

"Mwadila, baba," Fundi akajibu.

Halafu mzee akafanya jambo ambalo lilimshangaza hata mtemi. Alisema zizi lake limejaa, ng'ombe huyu ni wake, lakini atakaa kwa Fundi amchungie. Hiyo ni desturi yetu. Mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa watu anaowaamini. Mchungaji hunywa maziwa na hutumia samadi, ndama akizaliwa ni wa mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe akiridhika, siku moja humpa mchungaji ndama awe wake. Zaidi ya hayo, anayekuchungia ng'ombe ni mtu wako. Akisumbuliwa, umesumbuliwa wewe. Fundi, ambaye hakuwa na karatasi yoyote ya maana wala ndugu upande huu wa ziwa, jioni ile alipata mtu wa kumsemea.

Aliichukua kazi hiyo kwa dhati. Alimweka ng'ombe uani, akawa anampaka grisi, anamfuta vumbi. Mzee alipokuja mjini lazima apite.

"Ng'ombe wangu hajambo?"

"Ni muzima, baba."

"Anakula?"

"Anakula grisi. Anamaliza kopo."

Mzee anatikisa kichwa kwa masikitiko kama mtu aliyeambiwa habari za ukame, kisha wote wawili wanacheka. Ng'ombe wa nyama wakipita barabarani, Fundi bado alikuwa anajificha nyuma ya makoti yangu. Lakini yule wa chuma alimfanya atembee mjini ameinua kichwa. Kuanzia hapo hakuchora tena kuta. Alitengeneza kunguru wa vijiko, mwanamke mwenye kifua cha pasi ya mkaa, na ndege wengi wa misumeno. Wachache walinunua, wengi walikuja kutazama.

Sifa zikamfikia meneja wa kiwanda. Alikuja na gari, akamzunguka ng'ombe, akasema hiki ndicho kitu cha kuwekwa getini, wageni wa kampuni waone. Fundi akasema ng'ombe si wake, akaulizwe mzee. Mzee akakubali kwa shingo upande, maana alisema ng'ombe hulala zizini, halali getini. Lakini meneja alikuwa na sharti. Boliti zingeibwa na vibaka. Ng'ombe achomelewe, viungo vyote, na miguu ichomelewe kwenye chuma kilichozikwa na zege. "Atakaa hapa milele," alisema meneja. Nilikuwepo. Alilitamka neno hilo kirahisi sana.

Fundi hakulala vizuri siku zile. Alikuja kukaa kibandani kwangu, anazungusha nati kwenye kidole. Mwisho akamwendea mzee kumuuliza, na mzee, ambaye alikuwa ameanza kuugua, akamjibu kwa kumhurumia:

"Mchomelee. Ng'ombe wangu haendi popote. Na wewe huendi popote."

Basi akachomelea. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa boliti alivaa miwani ya kiza, akaazima mashine ya kuchomelea, akaunganisha shingo na mwili, mwili na miguu, miguu na ardhi ya Bariadi. Tulikwenda kutazama. Tulipiga makofi. Maharusi walianza kupigia picha pale. Watoto waliambiwa huyu ni ng'ombe wa mzee fulani, anachungwa na Fundi.

Mzee alifariki. Fundi alichimba kaburi pamoja na wanawe.

Haukupita muda, kiwanda nacho kikafa. Pamba iliharibika bei, wanunuzi wakakimbia, kampuni ikakiuza kwa mtu mwingine, na mtu huyo hakutaka pamba wala kiwanda. Alitaka chuma chakavu. Malori yakaja, na vijana wenye mitungi ya gesi ya kukatia.

Nilikimbia niliposikia. Fundi alikuwa amefika kabla yangu, spana mkononi. Alikuwa anazungumza na msimamizi wao kwa adabu, kofia kaivua.

"Ile ng'ombe si ya kampuni, bwana. Ni ya muzee."

"Mzee gani?"

"Alikufa."

"Una karatasi?"

Wakacheka. Fundi akasema basi wampe nafasi kidogo tu amfungue, atamwondoa mwenyewe, saa sita hawatamwona. Akapiga magoti kwenye mguu wa ng'ombe, akatafuta kwa vidole. Palipokuwa na boliti palikuwa na mshono wa chuma, laini, kazi safi ya mkono wake mwenyewe. Alikaa hapo na spana isiyo na pa kushika, mpaka kijana wa gesi akamwambia, "Mzee, sogea, utaungua." Walianza na shingo.

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa palepale! Mtaa mzima. Sungusungu walikuwepo, mtemi alikuwepo, walewale waliojua kumnyima mtu maji kwa sababu ya ndama. Walijua kuhukumu picha, lakini mbele ya lori hakuna aliyekohoa. Wana wa mzee walikuwa shambani, hakuna aliyewapelekea habari. Nilipiga kelele peke yangu, na jirani yangu, mwenye picha ya harusi yake na ng'ombe yule ukutani, akanishika mkono. "Mama, acha. Hicho ni chuma tu." Sijamsamehe.

Fundi hakulaumu mtu. Wiki ileile nilisikia spana ng'ambo ya minyaa, na mchana vitu vyake vilikuwa juu ya mkokoteni. Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema mbele. Hakuwa bado amefika mbali watu walipoanza: mnaona, ameondoka bila kuaga, alikuwa na lake, yule ng'ombe alikuwa na kitu tumboni. Bila shaka. Kumwita mwenzio mchawi ni rahisi kuliko kukiri kwamba ulisimama ukatazama.

Miaka ikapita. Nilikuwa napeleka mitumba mnada wa Lalago, na siku moja, nikitafuta mtu wa kunifungia mguu wa meza, nikaonyeshwa banda la bati pembeni, mahali pa kutengeneza plau za kukokotwa na ng'ombe. Nilimjua kwa mgongo. Alikuwa amekonda, ndevu nyeupe, kidole kimoja kimekatika.

"Mwangaluka, Fundi."

Aligeuka, akaweka nyundo chini. "Mwangaluka, mayu." Kiswahili chake kilikuwa kimebadilika, kimekuwa cha kwetu kabisa.

Nilimuuliza kama bado anachora. Akasema plau hazina haja ya kuchorwa. Nikaanza kuyamwaga niliyokuwa nayo moyoni, juu ya meneja, juu ya lori, juu ya majirani, na yeye akawa anatikisa kichwa kama anayesikiliza mambo ya watu wengine.

"Wana wa yule mzee wapo?" akaniuliza.

"Wapo. Mkubwa ndiye anayeshika zizi."

Akaingia ndani ya banda, akatoka na gunia. Akalifungua mbele yangu. Ndani mlikuwa na miguu midogo, mbavu ndogo, na kichwa kimoja kidogo chenye macho ya beringi.

"Siku ya kumchomelea mama yake nilimtoa tumboni," alisema. "Huyu sikuweza kumfunga ndani. Nimpelekee mwenyewe sina uso, ng'ombe wa watu amepotea mikononi mwangu. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Mfikishie wewe. Mwambie mimi si mwizi."

"Hakupotea!" Nilipiga kelele mpaka watu wa mnadani wakageuka. "Alikatwa! Tulimwona! Wewe ndiye uliyeibiwa!"

"Mchungaji nilikuwa mimi," alisema. Kisha akatoa ile spana iliyolika mdomo, ambayo hakuwahi kumwazima mtu, akaiweka juu ya gunia. "Bila hii hutaweza kumsimamisha. Utanirudishia."

Nilimfikisha. Mwana mkubwa wa mzee alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha tukapiga magoti uani kwake, tukaunga ndama boliti kwa boliti mpaka akasimama. Alimkagua kama baba yake alivyokagua. Akampeleka zizini, akamweka mlangoni pa ndama wengine, akarudi kwangu macho yamemwiva.

"Baba alituachia neno," alisema. "Ndama wa kwanza wa ng'ombe yule ni wa mchungaji. Mwambie arudi amchukue. Na mahali pa kukaa papo, hapa nyumbani."

Mnada uliofuata nilifika Lalago kabla ya kupanga nguo zangu, nikaenda moja kwa moja pembeni. Pale kwenye banda palikuwa na mashimo ya nguzo tu, na udongo mweusi wa mafuta. Mwenye plau mmoja akasema Fundi aliambiwa kiwanja kimepata mtu wa kukinunua, naye akafungua vitu vyake asubuhi, mchana hayupo.

Hiyo ndiyo habari ya yule mnayeniuliza mkiwa mnatafuna. Huko mnakosafiri, mkimwona mzee mwenye ndevu nyeupe na kidole kilichokatika, msimuulize mambo ya uchawi. Msalimieni kwanza. Kisha mwambieni kwamba ndama wake amesimama zizini, hapa kwetu, na kwamba spana yake ninayo.